Shajara ya mradi: fitesi, zilanesi na pumba za mpunga kwa kuku wa mayai, Unguja

Mei, masika yanakatika

Kazi ya mradi huu, hapa Wilaya ya Kati, ni kumlisha kuku wa mayai pumba nyingi zaidi za mpunga unaolimwa Cheju na mabonde ya jirani, ili mahindi yanayovushwa kutoka bara yapungue kwenye chakula, na DCP (dikalsiamu fosfeti, madini ya dukani ya kalsiamu na fosforasi) ipungue pamoja nayo. Mayai yasipungue, maganda yasilegee. Nyenzo ni vimeng'enya viwili vya unga, fitesi na zilanesi, vinavyotiwa kwa gramu chache tu katika kilo mia za chakula.

Mambo mawili yanaizuia pumba ya mpunga isitumike kwa wingi. La kwanza ni fosforasi. Pumba ina fosforasi kama asilimia 1.5 ya uzito wake, ambayo ni nyingi, lakini takriban sehemu nne katika tano zimefungwa ndani ya fitati, umbo ambalo mbegu huwekea akiba ya fosforasi yake, na utumbo wa kuku hauna nguvu ya kutosha ya kuifungua. Fitati inapita mpaka kwenye kinyesi, na njiani inashika kalsiamu, zinki na chuma na kutoka navyo. Mfugaji ananunua fosforasi nyingine, yaani DCP, ilhali ile aliyokwisha kuilipia ndani ya pumba imekwenda na samadi. Fitesi huikata fitati tumboni na kuiachia fosforasi yake.

La pili ni nyuzi. Kuta za pumba zimejengwa kwa nyuzi ziitwazo arabinozilani, na ndani ya kuta hizo kumebaki mafuta, protini na wanga ambavyo kuku havifikii. Zilanesi hukata nyuzi hizo vipandevipande na kutoboa kuta.

Maarifa mengi ya vimeng'enya hivi yametoka Ulaya, kwa kuku na nguruwe wanaolishwa ngano na shayiri. Fitesi ya kwanza ya biashara ilianza kuuzwa Uholanzi mwaka 1991, nchi ambayo samadi ya nguruwe ilikuwa imejaza fosforasi ardhini na majini. Namba za kule hazihamishiki hapa zilivyo. Ngano na shayiri zina nyuzi nyingi zinazoyeyuka, ambazo hukifanya chakula kiwe kizito na chenye kunata utumboni, kwa hiyo kimeng'enya kikizikata mabadiliko huonekana haraka. Nyuzi za mahindi na za pumba ya mpunga kwa sehemu kubwa haziyeyuki, na hapo zilanesi haina mengi ya kufanya. Isitoshe nguruwe ana utumbo mpana ambamo bakteria huchachua nyuzi kwa muda mrefu, wakati kwa kuku chakula hupita kwa saa chache tu. Tumeanza basi na matarajio haya: fitesi tunaitegemea, zilanesi tunaipima.

Vyakula vitatu, kila kimoja kilo 100

Chakula A ndicho cha kawaida, hakina kimeng'enya:
mahindi yaliyosagwa 54, pumba za mpunga 10, mashudu ya alizeti 10, mashudu ya soya 10, dagaa wa kusaga 5, kombe za pwani zilizopondwa 9, DCP 1.2, chumvi 0.3, premiksi ya vitamini na madini 0.25, methionini 0.15, lisini 0.1 (hizi mbili ni asidi amino, vijenzi vya protini).

Chakula B:
mahindi 46, pumba za mpunga 19, mashudu ya alizeti 9.7, mashudu ya soya 10, dagaa 5, kombe 9, DCP 0.5, chumvi, premiksi, methionini na lisini kama A. Juu yake gramu 10 za fitesi na gramu 10 za zilanesi.

Chakula C ni B hiyohiyo bila kimeng'enya chochote.

C ndicho kinachoupa mradi huu thamani. Ukilinganisha A na B peke yake, B ikifanya vizuri hujui kama ni kazi ya kimeng'enya au A ilikuwa imejazwa kupita mahitaji tangu mwanzo. Majaribio mengi ya mitaani huishia hapo: mtu anamwaga kimeng'enya juu ya chakula ambacho tayari kinatosha, kuku hawabadiliki, anasema dawa ni ya uongo. Kimeng'enya hulipa pale tu unapoondoa kitu kwenye mchanganyiko na kukiachia chenyewe kijaze pengo.

Hesabu ya pengo letu ni hii. Tumeondoa DCP kilo 0.7, yenye fosforasi asilimia 18, yaani kama gramu 126 za fosforasi katika kilo 100. Fitesi tuliyonunua ina yuniti 5,000 kwa gramu. Gramu 10 katika kilo 100 ni yuniti 500 kwa kila kilo ya chakula, kipimo ambacho kwa kawaida hurudisha fosforasi ya karibu gramu 100 hadi 150 kwa kilo 100 za chakula. Kwa upande wa nishati, kwa makisio yetu B ina kama kilokalori 50 pungufu kwa kilo kuliko A. Hizo ndizo tunazoidai zilanesi.

Yuniti za fitesi zinalinganishika kati ya kampuni na kampuni kwa kiasi fulani, kwani kipimo chake kinajulikana: kimeng'enya kinachotoa mikromoli moja ya fosfeti kwa dakika, kwenye joto la nyuzi 37 na pH 5.5. Yuniti za zilanesi hazilinganishiki. Kila kampuni hupima kivyake, kwa hiyo fuata gramu zilizoandikwa kwenye mfuko na usishindanishe namba.

Juni, mpunga unavunwa

Pumba zimeanza kupatikana kwa wingi, na kazi yote ya wiki hizi imekuwa kuzichagua. Hapa ndipo chakula kinapoharibika kabla hata ya kimeng'enya kufunguliwa.

Mashine za kukoboa ni za aina mbili. Mashine ya chuma ya hatua moja husaga makapi na pumba pamoja, vikatoka kwa mdomo mmoja. Mashine ya hatua mbili yenye rola za mpira huondoa makapi kwanza, kisha husugua mchele, na pumba hutoka peke yake, laini na yenye mafuta. Makapi ni silika na lignini. Hakuna zilanesi itakayoyafungua. Ukinunua pumba ya mashine ya hatua moja, asilimia 19 uliyoandika kwenye karatasi huenda robo yake au zaidi ni makapi, na kuku watashuka mayai huku kimeng'enya kikilaumiwa.

Kabla ya kulipa tunafanya vipimo vitatu. Tunapima uzito wa lita moja: tunajaza kopo la lita bila kushindilia, tunasawazisha kwa rula na kuweka kwenye mizani. Pumba nzuri hufika gramu 300 na zaidi. Yenye makapi mengi huwa nyepesi. Kisha tunachekecha kiganja kimoja kwa chekecheo la unga na kutazama kilichobaki juu: makapi ni vipande vya rangi ya dhahabu, vikali ukivisugua kwa vidole. Mwisho tunaiminya mkononi. Pumba ya mafuta hushikana na kubaki na alama za vidole.

Halafu kuna uvundo. Mchele unapokobolewa, kimeng'enya cha pumba yenyewe, lipesi, huanza palepale kukata mafuta, na kwa joto na unyevu wa Unguja pumba huanza kunuka kama sabuni ya zamani ndani ya siku chache. Mafuta yaliyovunda huua vitamini E ya premiksi na kuku huacha chakula. Tunachukua pumba ya mashine ya siku hiyohiyo na kuikaanga kwenye karai pana, kina cha vidole vinne, kwa moto wa wastani, tukigeuza kwa chepe bila kupumzika mpaka imepata moto sawasawa, mvuke umetoka wote na harufu imekuwa kama ya ufuta uliokaangwa. Ikianza kuwa kahawia imezidi, lisini inaungua. Inatandazwa kwenye turubai mpaka ipoe kabisa. Kimeng'enya hakigusi pumba yenye moto: fitesi na zilanesi zisizovikwa kinga hufa kuanzia joto la nyuzi 70 hivi, na ndiyo sababu viwanda vinavyotengeneza chakula cha punje kwa mvuke hutumia zilizovikwa au hunyunyiza za maji baada ya punje kupoa. Sisi tunalisha unga mkavu, kwa hiyo za kawaida zinatutosha na ni nafuu.

Mahindi: asilimia 13 ya unyevu au chini yake. Asiye na kipimo achukue chupa kavu, atie punje robo chupa na vijiko viwili vya chumvi kavu, atikise dakika kadhaa. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, mahindi ni mabichi, yaanikwe. Mahindi yenye ukungu hayatibiki kwa vimeng'enya hivi. Sumukuvu inabaki palepale.

Dagaa wa hapa huchemshwa kwenye maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, hivyo wana chumvi kuliko dagaa wa ziwani. Wanaoanikwa chini huja na mchanga. Tia kiganja kwenye glasi ya maji, koroga, acha dakika moja, tazama kilichotua chini. Kwa ajili ya chumvi hiyo tumepunguza chumvi ya mchanganyiko kutoka 0.3 hadi 0.2 kwenye vyakula vyote vitatu, na ile 0.1 tumeihamishia kwenye mahindi.

Kombe zimeoshwa kwa maji baridi, zikaanikwa, zikapondwa. Theluthi mbili ziwe vipande vya milimita 2 hadi 4, theluthi moja unga. Hili lina uzito zaidi kwa B kuliko kwa A. Unga mwingi wa chokaa hupandisha pH kwenye gole na tumbo la kwanza na kuishika fitati, na fitesi inashindwa kufika kwenye kazi yake. Vipande vinayeyuka polepole kwenye firigisi na kumpa kuku kalsiamu usiku, saa ganda linapotengenezwa. Chokaa ya kuchoma, ile ya tanuri inayojengewa nyumba, isitiwe kabisa kwenye chakula: inaunguza utumbo. Kuna anayeuza mifuko ya chokaa kwa jina moja tu la "chokaa ya kuku". Tone la siki likidondoshwa juu ya kombe ya kusaga hutoa povu. Chokaa mbichi ya kuchoma hupata moto ikitiwa maji.

Kujaribu zilanesi kama bado ina uhai

Vimeng'enya vilisafiri kwa boti kutoka Dar es Salaam, na haijulikani vilikaa juani kiasi gani. Kwa zilanesi kuna jaribio la mezani. Chukua unga wa ngano nzima, ule wa ata, gramu 50 kwa kila bakuli, bakuli mbili. Katika kila moja tia maji mililita 200 ya uvuguvugu wa nyuzi 40. Ya kwanza tia nusu gramu ya zilanesi. Ya pili tia nusu gramu iliyochemshwa dakika kumi katika kijiko cha maji. Acha saa moja mahali pa joto ukikoroga mara kwa mara, chuja kwa kitambaa, jaza bomba la sindano la mililita 10 lisilo na sindano, na upime kwa sekunde maji yote yanavyotoka. Yenye kimeng'enya hai hutoka upesi zaidi. Zikitoka sawa, rudisha mfuko. Usifanye jaribio hili kwa pumba ya mpunga, hutaona kitu, kwani nyuzi zake haziyeyuki.

Tuliyonunua iko hai. Imefungwa upya kwenye vifuko vya gramu 100 visivyopitisha hewa, vikiandikwa tarehe, na kuwekwa kwenye chumba chenye kivuli mbali na paa la bati. Kifuko kikitoka kwenye friji kisifunguliwe mpaka kimefikia joto la chumba, la sivyo umande unaingia ndani. Kimeng'enya hakihifadhiwi pamoja na premiksi yenye kolini kloridi. Kolini huvuta maji na kukiua.

Anayepima unga huu avae barakoa na glavu. Vumbi la kimeng'enya likivutwa puani mara kwa mara huleta pumu isiyoondoka. Asikae mtu upande wa chini wa upepo, na watoto wasiingie stoo siku ya kupima.

Mwisho wa Juni, kuchanganya

Gramu 20 za unga ndani ya kilo 100 haziendi sawa kwa kumwagwa tu. Tunapanda ngazi:

Gramu 20 za vimeng'enya pamoja na premiksi, methionini na lisini ndani ya nusu kilo ya unga laini wa mahindi, kwenye ndoo yenye kifuniko, tikisa dakika tano. Ongeza kilo mbili za mahindi, tikisa tena. Mimina kwenye turubai juu ya kilo 10 za mahindi, geuza. Hapo ndipo inaingia kwenye rundo kubwa, na rundo lote linahamishwa kwa chepe kutoka upande mmoja wa sakafu hadi mwingine mara tano, kila chepe likimwagwa kileleni ili liteleze pande zote. Pumba yenye mafuta hushika vumbi vizuri, kwa hiyo haiingii mwisho. Inaingia pamoja na mahindi ya mwanzo. Kombe, ambazo ni nzito, zinaingia mwisho, na mfuko ukishajazwa usiburuzwe wala kutikiswa: kombe hushuka chini na vumbi hubaki juu.

Kuhakiki mchanganyiko tumetumia chumvi na kipimo cha chumvi ya maji, kile kidogo cha mkononi ambacho watu wengi wa ukanda wa pwani wanacho kwa ajili ya visima. Chota sampuli kumi mahali tofauti, gramu 20 kila moja. Loweka kila moja kwenye mililita 200 za maji ya mvua yaliyokingwa safi, koroga, acha dakika 15, soma. Tafuta wastani wa kumi hizo, kisha mchepuko wa kawaida, gawa mchepuko kwa wastani. Ikiwa chini ya asilimia 10 mchanganyiko unakubalika. Rundo lililogeuzwa mara tatu halikufika. La mara tano limefika.

Maji ya kunywa pia yamepimwa, na ingefaa kila mfugaji wa pwani afanye hivyo kabla ya kulalamikia chakula. Maji yenye chumvichumvi chini ya miligramu 1,000 kwa lita ni mazuri. Kati ya 1,000 na 3,000 kuku wataishi, ila kinyesi hulainika. Na chumvi kwenye maji ya kunywa hudhoofisha maganda hata chakula kikiwa kamili, wala kombe za ziada haziponyi. Vizimba vyote vinapata maji ya tangi moja.

Julai na Agosti, kusi

Kila chakula kimepewa vizimba vinne, na vimepangwa kwa kuchanganywa: A, C, B, B, A, C na kuendelea, kwa sababu upande unaopigwa na upepo wa kusi una baridi na kuku wa huko hula zaidi. Ungeweka A yote upande mmoja, ungekuwa unapima upepo. Wiki mbili za mwanzo ni za kuzoea, hazihesabiwi.

Tunarekodi mayai kila siku, uzito wa mayai ya siku moja kwa wiki, chakula kilichotolewa na kilichobaki kila wiki, na ganda kwa maji ya chumvi.

Kuhusu chakula kilichobaki: tofauti ya kilokalori 50 ni kama asilimia 2, na kwa kuku anayekula gramu 115 kwa siku hiyo ni gramu mbili hivi. Chakula kinachomwagwa na kuku mmoja mchokozi kinazidi hapo. Vyombo vinajazwa theluthi tu, mara mbili kwa siku, ukingo wake uko usawa wa mgongo wa kuku, na chini kumewekwa trei ya kukusanya kinachodondoka. Bila haya usijisumbue kupima zilanesi, majibu yatakuwa ya bahati nasibu.

Kuhusu ganda: kama kilo 1.3 za chumvi katika lita 10 za maji, kisha rekebisha kwa kipimo cha msongamano mpaka 1.080. Yai lenye ganda zuri linazama, lenye ganda jembamba linaelea. Mayai yawe ya siku hiyohiyo na ya joto sawa na maji. Yai la juzi limepoteza maji na litaelea kwa sababu ya hewa yake.

Kilichoonekana mpaka mwisho wa Agosti: B iko sawa na A kwa mayai, kwa uzito wa yai na kwa ganda. Na C pia iko sawa nazo, ila imekula kidogo zaidi kwa yai moja.

C haikuanguka. Maana yake A ilikuwa na DCP ya ziada. Mahitaji ya kuku wa mayai ni kati ya miligramu 250 na 400 za fosforasi inayotumika kwa siku, kufuatana na mwongozo unaoufuata. C, hata ikiwa na DCP 0.5, kwa makisio yetu inampa karibu 395, kwa sababu dagaa peke yao, pamoja na mifupa yao, wanaleta zaidi ya theluthi. Wafugaji wanaotia dagaa asilimia 5 na DCP 1.2 wanalipa mara mbili. Kwa mfugaji mdogo hiyo ni nafuu ya leo, isiyohitaji kimeng'enya: punguza DCP nusu ikiwa dagaa wako ni wazuri. Fitesi kwa hali hiyo haijathibitishwa wala haijakanushwa. Haikuwa na pengo la kujaza.

Kula zaidi kwa C ndiyo dalili ya kwanza kwamba zilanesi inafanya kitu. B yenye pumba zilezile haikula zaidi.

Septemba, awamu ya pili

DCP imeondolewa yote kwenye B na C. Ile nusu kilo imekwenda kwenye mahindi. C sasa inakadiriwa kuwa na fosforasi inayotumika asilimia 0.25 ya chakula, ukingoni kabisa. B ina hiyohiyo na fitesi yake.

Kuku wa C walitangulia kuacha chakula vyomboni. Hilo lilionekana kabla ya jambo lingine lolote, na linapingana na ile dalili ya Agosti: kuku mwenye njaa ya nishati hula zaidi, kuku anayekosa fosforasi hupoteza hamu. Baadaye uzito wa yai ulishuka, kisha idadi. Maganda yao kwenye maji ya chumvi hayakubadilika, na hapa wengi wanakosea wanapotafuta fosforasi kwenye ganda. Ganda ni kalsiamu kaboneti karibu lote. Fosforasi iko kwenye mifupa: usiku kuku huchota kalsiamu ya mifupani kutengeneza ganda, fosforasi iliyofungamana nayo hutoka na mkojo, na mchana lazima ajenge upya. Asipoipata hujimaliza mwenyewe. Mguso wa kidari unaeleza zaidi kuliko yai: mfupa wa kidari wa kuku wa C umeanza kupinda chini ya kidole, wa B umenyooka na mgumu.

C imesimamishwa hapo na kuku wake wamerudishwa kwenye chakula A. Kuendelea kungekuwa kuwatesa bila kuongeza ujuzi.

B bila DCP imesimama sawa na A. Fitesi imefanya kazi yake, kwa pumba za Unguja, kwa unga mkavu, kwa gramu 10 katika kilo 100.

Oktoba, vuli inakaribia

Hesabu ya fedha ifanywe na kila mmoja kwa bei za wiki yake, kwa njia hii: chukua bei ya kilo 7.5 za mahindi, kilo 0.3 za mashudu ya alizeti na kilo 1.2 za DCP zilizotoka, toa bei ya kilo 9 za pumba pamoja na kuni za kukaangia, toa bei ya gramu 20 za vimeng'enya. Kilichobaki ndicho chako kwa kilo 100. Msimu wa mavuno pumba ni rahisi na hesabu inakaa vizuri. Kuanzia Februari pumba zinapopanda na nyingi zikiwa za zamani, ni busara kurudi kwenye asilimia 10 ya pumba, ukaacha zilanesi na kubaki na fitesi peke yake.

Vimeng'enya huuzwa kwa mifuko mikubwa ambayo mfugaji mmoja hawezi kuimaliza kabla havijafa. Wanachama wa shehia jirani wananunua mfuko mmoja kwa pamoja na kugawana vifuko vya gramu 100. Kila kifuko kinatosha tani moja.

Swali lililoletwa mara nyingi: chakula cha maji je? Kwa nguruwe wanaolishwa chakula cha majimaji, fitesi huanza kuikata fitati hata kabla ya kuliwa. Kwa kuku wetu kulowesha kunawezekana, maji nusu ya uzito wa unga, lakini wakati huu wa joto unga uliolowa huchacha upesi. Kisichoisha ndani ya saa mbili kitolewe na chombo kioshwe.

Swali jingine ni chicha ya nazi, ambayo iko kila jikoni. Nyuzi za nazi kwa sehemu kubwa ni manani, kwa hiyo zilanesi haizigusi. Kinachohitajika huko ni mananesi. Chicha mbichi pia hubeba maji mengi na huota ukungu haraka, basi ianikwe siku hiyohiyo au isitumike.

Awamu ijayo inaanza na vyakula vinne: A, B bila DCP, B bila DCP na bila zilanesi, na B yenye fitesi mara mbili, yuniti 1,000 kwa kilo. Cha tatu kitatuonesha zilanesi peke yake inaleta nini, jambo ambalo mpaka sasa limechanganyika na fitesi. Pumba za kukaanga za awamu hiyo zimeshawekwa kwenye mifuko ya nailoni iliyofungwa, juu ya mbao, na zinanuswa kila Jumatatu.